Usianze na nati: kupanga urefu wa kukata kwenye trekta kuukuu la bustani

Swali nililoletewa ni hili:

"Shikamoo fundi. Nimeachiwa na mjomba trekta la bustani la miaka mingi. Deki lake ni la inchi 42 na lina visu viwili. Injini inawaka bila tatizo, shida ni ukataji. Upande wa kushoto linanyoa mpaka udongo unaonekana, upande wa kulia linaacha nyasi ndefu, na kati ya njia moja na nyingine inabaki ngazi. Halafu nikiweka mkono wa kuinulia kwenye namba 3 linakata kama liko namba 1. Kitabu cha maelekezo kilishapotea. Naona kuna fimbo yenye nati mbele ya deki, na nati nyingine pembeni. Nizungushe ipi?"

Marahaba, kijana. Kwa leo usizungushe hata moja. Hujakosea, nati hizo zimewekwa kwa kazi hiyo hiyo unayoitaka. Ila ukianza nazo utakuwa umelipanga deki lifuate ugonjwa wa kitu kingine, na siku utakayoutibu ugonjwa ule deki litainamia upande wa pili.

Nasema hivyo kwa sababu yalishanikuta. Miaka ya mwanzo ya ufundi wangu nililetewa trekta lenye malalamiko kama yako. Nikalala chini nusu siku, spana mkononi, nikasawazisha deki mpaka pande zote mbili zikasoma milimita zilezile. Mwenyewe akaondoka amefurahi. Baada ya siku tatu akarudi, na safari hii kulia ndiko kulikonyolewa kipara. Alichofanya huko kwake ni kujaza upepo tairi moja la nyuma tu. Mimi tairi lile sikulitazama hata kwa jicho la pembeni.

Fuata nami kuanzia chini uone urefu wa kukata unatoka wapi. Ardhi inabeba tairi, tairi linabeba ekseli, ekseli inabeba fremu. Fremu inashika shafti ya kuinulia, shafti ina mikono, mikono inashika fimbo, na fimbo ndizo zinazoning'iniza deki. (Deki ninalolisema ni lile bati zito linalofunika visu, si deki la kupigwa kwa tambara na maji.) Deki limebeba nyumba za beringi, ndani ya kila nyumba kuna shafti, na chini ya shafti ndipo kilipofungwa kisu. Nati zako ziko katikati ya msafara wote huo. Kila kiungo kikilika kidogo, uzito wa deki unakivuta chini, na malegevu yote yanajumlishwa. Viungo vitano vikilegea milimita 1 kila kimoja, deki limeshuka milimita 5 bila mtu yeyote kuligusa. Namba 3 yako imekuwa namba 1 kwa mtindo huo. Kwa matrekta mengi namba zile hazikuwa sentimita wala inchi hata siku ya kwanza. Ni majina tu ya meno ambayo mkono unakaa.

Kabla hujaingiza mkono chini, zima injini, toa ufunguo, vuta breki ya kuegesha, kisha chomoa waya wa plagi na uuweke mbali na kichwa cha plagi. Hilo la plagi watu wengi hulipuuza. Kwenye baadhi ya mashine, kuzungusha kisu kwa mkono kunaweza kuizungusha injini kupitia mkanda, na injini yenye joto haihitaji kubembelezwa sana ili iitike. Vaa glovu za ngozi. Ukishainua deki, weka vipande vya mbao chini yake. Usiuamini mkono wa kuinulia peke yake, kwa kuwa meno yake ni ya zamani kama trekta lenyewe. Ile springi nene inayosaidia kuinua imebeba nguvu nyingi, basi usiifungue deki likiwa linaning'inia. Na siku utakapoliwasha tena, kumbuka kwamba mashine nyingi za zamani hazina breki ya visu. Ukizima, visu vinaendelea kuzunguka kwa muda.

Sasa tairi. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu dalili zako zinanusa tairi.

Shika ekseli ya mbele uitikise. Kwenye trekta la bustani la kawaida ekseli hiyo imefungwa kwa pini moja katikati, nayo inabembea kama mizani ili gurudumu moja lipande juu ya tuta bila kuinua trekta zima. Maana yake ni kwamba magurudumu ya mbele hayana usemi mkubwa juu ya kuinama kwa fremu kushoto au kulia. Usemi huo ni wa matairi ya nyuma, na ya nyuma tu. Ya mbele yanaamua kitu kingine, yaani pua ya trekta iko juu au chini. Kwa hiyo deki linaloinamia kushoto linakutuma ukatazame tairi la nyuma la kushoto kabla ya kitu kingine chochote. Tairi hilo likikaa chini sentimita 1 kuliko mwenzake, na matairi yakiwa yameachana sentimita 75 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya lingine, basi kwenye deki la inchi 42, yaani karibu sentimita 107, tofauti kati ya ukingo na ukingo inafika kama sentimita 1.4. Hiyo ni ngazi ambayo mtu anaiona akiwa amesimama mbali.

Upepo wa matairi haya ni mdogo kuliko wa gari. Matrekta mengi ya aina hii hutumia karibu psi 14 mbele na psi 10 nyuma, lakini soma ubavuni mwa tairi lako na usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa pale. Geji ya gari haifai sana, haisomi vizuri huko chini. Tafuta ya kiwango kidogo. Ukishajaza, pima kutoka sakafuni hadi katikati ya kitovu cha gurudumu, kushoto na kulia. Upepo ukiwa sawa na vipimo bado havilingani, tazama matairi yenyewe. Pengine moja lilibadilishwa zamani likawekwa la kimo kingine, au moja limelika na lingine bado lina meno. Hapo dawa si upepo. Usijaribu kulipulizia zaidi lile fupi ili lifikie mwenzake, utapata usawa wa asubuhi moja. Tafuta matairi mawili yanayofanana, na kama huwezi kwa sasa, endelea na kazi ukijua kwamba ukiyabadilisha utapanga upya.

Kuna neno la kuongeza kuhusu ile ngazi. Ukikata kwa kwenda na kurudi, ukingo wa kushoto wa njia moja hukutana na ukingo wa kushoto wa njia inayofuata, kwa sababu umegeuka. Deki lililoinama likikata hivyo linaacha mawimbi, si ngazi. Ngazi hutokea pale kushoto kunapokutana na kulia, na hilo hutokea kwa mtu anayekata kwa kuzunguka kiwanja upande mmoja tu. Nadhani ndivyo unavyokata wewe. Si kosa, ila usidanganyike siku moja ukibadilisha mzunguko ukaona ngazi imepotea. Deki litakuwa limeinama vilevile.

Baada ya tairi, visu. Hapa kazi ni fupi. Tia alama ya chaki kwenye ukingo wa deki, leta ncha moja ya kisu mkabala nayo, pima kutoka sakafuni hadi kwenye makali. Pima kwenye makali, si kwenye lile bawa lililokunjwa juu kwa nyuma, maana bawa liko juu zaidi na litakudanganya. Kisha zungusha kisu nusu mzunguko, ulete ncha ya pili palepale, upime tena. Tofauti ikizidi milimita 3, ama kisu kimepinda ama shafti yake imepinda. Kujua ni kipi, hamishia kisu kile kwenye shafti ya pili, kama visu vyako ni vya aina moja. Tofauti ikihama nacho, kisu ndicho. Ikibaki pale pale, ni shafti. Kisu kilichopinda hakinyooshwi kwa nyundo. Viwango vya Marekani huruhusu ncha ya kisu kukimbia hadi futi 19,000 kwa dakika, kama mita 96 kwa sekunde, na chuma kilichokunjwa kikanyooshwa kinaweza kuwa na ufa usiouona. Nunua kipya. Unapofungua, kumbuka kwamba baadhi ya mashine zina bolti za kisu zinazofunguka kinyume. Ikigoma, jiulize kwanza kabla ya kuongeza bomba kwenye spana.

Ukiwa huko chini, kwangua majani yaliyogandamana ndani ya deki. Tazama bati kuzunguka nyumba za beringi. Ufa hapo, au kutu iliyokula hadi bati likawa jembamba, utafanya nyumba iiname kila kisu kinapokutana na nyasi nzito, na hakuna nati ya kurekebisha hilo.

Sasa tikisa. Shusha deki hadi urefu unaokatia, shika ukingo wake kwa mikono miwili, uinue na kuuachia. Kisha mwombe mtu aendelee kutikisa wakati wewe unatazama viungo kimoja kimoja, ukiweka kidole juu ya kila pini. Kidole huhisi mchezo ambao jicho halioni. Utakuta tundu lililokuwa duara sasa lina umbo la yai, pini imelika upande mmoja ikawa na kiuno, bushi ya plastiki imekwisha zamani na chuma kinasagana na chuma. Tazama pia sehemu shafti ya kuinulia inapopita kwenye fremu. Watu huisahau kwa kuwa imejificha, na legevu la hapo ndilo linaloonekana kwa ukubwa kwenye deki, maana mikono ya shafti inalizidisha.

Matrekta ya kizazi cha Cub Cadet ya kwanza ya 1961 na John Deere 110 ya 1963 yalijengwa kwa chuma kinene, na ndiyo maana bado yapo. Lakini unene wa chuma hausaidii tundu ambalo halijaonja grisi miaka kumi. Pini badilisha, ni kitu kidogo. Bushi badilisha. Tundu lililokuwa yai lina matibabu mawili: ama litanuliwe kwa keekee na kuwekewa bushi ya chuma, ama uchomelee wosha nene juu yake, yenye tundu linalobana pini sawasawa. Mimi huipenda ya pili kwa sababu wosha inaongeza unene pale palipochoka. Ukichomelea, chomoa betri, na kibanio cha waya wa ardhi kiweke karibu kabisa na unapochomelea. Ukikiweka upande wa pili wa trekta, umeme utapita kwenye beringi ukitafuta njia ya kurudi, na beringi iliyochomwa ndani hailalamiki siku hiyo, hulalamika baadaye.

Si lazima umalize kila legevu. Deki linatakiwa licheze kidogo ili lipande na kushuka na ardhi. Lililobanwa kabisa linavunja mabano. Kinachokusumbua ni mchezo usiolingana, kushoto milimita 8 na kulia milimita 2. Ukishawalinganisha hawa wawili, huenda nusu ya malalamiko yako imekwisha na spana ya kupangia bado iko kwenye sanduku.

Kabla ya kupima, ujue deki lako ni la aina gani, kwa kuwa kuna namna mbili na zinapangwa tofauti. Lishushe hadi urefu wa kukata, trekta likiwa juu ya sakafu bapa, kisha zungusha kwa kidole vile vigurudumu vidogo vya deki. Vikizunguka hewani, deki lako linaning'inia, na urefu unatoka kwenye mkono na fimbo. Vikiwa vimekandamizwa chini vinabeba uzito, basi ama deki ni la aina inayotembea kwa vigurudumu au rola zake, ambapo urefu hupangwa kwa kuhamisha pini za vigurudumu kutoka tundu moja hadi lingine, ama ni la kuning'inia lakini limeshuka kupita kiasi. Kwako, namba 3 ikikata kama namba 1, usishangae ukakuta hali ya pili. Nitaendelea nikichukulia kwamba linaning'inia, maana fimbo yenye nati mbele ni dalili yake.

Chagua sakafu ya zege. Hakuna sakafu iliyonyooka kabisa, lakini unaweza kuikamata ikidanganya: pima, geuza trekta litazame ulikotoka huku magurudumu yakikanyaga palepale, kisha upime tena. Tofauti ikihamia upande wa pili, mwongo ni sakafu. Matairi ya nyuma yakiwa laini, weka pia uzito wa mtu kwenye kiti wakati wa kupima, kwa sababu trekta halikati nyasi bila dereva, na uzito wake unashusha nyuma. Injini imezimwa na waya wa plagi umechomolewa, kama tulivyokubaliana.

Weka mkono kwenye jino la katikati, ule urefu unaoutumia mara nyingi. Geuza visu vyote viwili vilale kukata njia, ncha zikitazama kushoto na kulia. Pima ncha ya nje ya kushoto, pima ncha ya nje ya kulia. Ninaposema kushoto na kulia ni kwa mtu aliyeketi kwenye kiti, kwa maana ukilala mbele ya trekta kila kitu kinageuka. Hilo limeshanipotezea muda mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Tofauti ya hadi milimita 3 iache ilivyo. Ikizidi hapo, sasa ndiyo, chukua spana.

Chagua upande mmoja uwe kielelezo usioguswa, urekebishe ule wa pili tu. Ukigusa pande zote mbili utajizungusha mpaka jioni. Kwenye mashine nyingi nati ya pembeni iko upande mmoja pekee, kwa hiyo uchaguzi umeshafanywa na aliyeiunda. Ni ama nati juu ya fimbo yenye nyuzi, ama bolti yenye kichwa kisicho katikati, ambayo ukiizungusha inasogeza kiungo juu au chini. Ya pili hii ina kituko chake: ukiizungusha kupita kilele, deki linaanza kurudi lilikotoka. Ukiona unakaza na kipimo kinarudi nyuma, umepita.

Kuhusu spana zenyewe: trekta la zamani la Marekani lina nati za inchi. Bolti ya 3/8 huwa na kichwa cha 9/16, yaani milimita 14.3. Spana ya 14 haiingii na ya 15 itaitafuna pembe zake. Kichwa cha 1/2 unaweza kukisaidia kwa spana ya 13, na cha 3/4 kwa 19, vipimo vinakaribiana vya kutosha. Lakini kwa 9/16 tafuta spana yake. Siku moja kabla, pulizia mafuta ya kupenyeza, safisha nyuzi kwa brashi ya waya, acha yalale. Legeza kwanza nati ya kufungia, ile ya pili iliyobanwa dhidi ya mwenzake. Nyuzi za kawaida za 3/8 zinasogea karibu milimita 1.6 kwa mzunguko mmoja kamili, hivyo huhitaji mizunguko mingi. Zungusha mmoja, inua deki kwa mkono wake, lishushe tena, ndipo upime. Usipoliinua na kulishusha, msuguano wa viungo utalishikilia mahali pa uongo.

Ukimaliza kushoto na kulia, geuza visu vielekee mbele na nyuma. Hapa hatutafuti usawa. Ncha ya mbele iwe chini kuliko ya nyuma, kati ya milimita 3 na 6, na baadhi ya mashine hutaka hadi kama 10. Kisu kinapozunguka, upande wa mbele ndio unaokutana na nyasi zisizokatwa. Ncha ya nyuma ikiwa juu kidogo, inapita juu ya zilizokwisha kukatwa bila kuzigusa tena. Ikiwa chini, kila jani linakatwa mara mbili, injini inakoroma, majani yanajaa ndani ya deki badala ya kutoka, na siku ya pili ncha za nyasi zina rangi ya kahawia. Hapo ndipo fimbo yenye nati uliyoiona mbele inapoingia kazini. Kwenye madeki mengi kuifupisha kunainua mbele, kuirefusha kunashusha. Lakini mashine yako siioni, basi zungusha mara moja upime, yenyewe itakuambia. Zikiwa fimbo mbili, zizungushe kwa idadi sawa, kisha rudi ukaangalie kushoto na kulia, kwa sababu moja ikitangulia itakuharibia kazi ya mwanzo. Ukikuta tofauti ya mbele na nyuma ni kubwa kabla hujagusa kitu, angalia tena upepo wa matairi ya mbele.

Ndipo tunafika kwenye urefu wenyewe, ulioanza nao. Deki limenyooka, matairi yana upepo, sasa ile namba 3 inamaanisha sentimita ngapi? Pima ncha ya mbele ya kisu kwa kila jino la mkono, uandike. Mimi hukata vipande vya mbao vya sentimita 4, 6 na 8, nikaviteleza chini ya makali, nikaweka alama ya rangi kwenye jino linalolingana na kila kimoja. Namba za kiwandani nazifuta akilini. Kama trekta lako lina kitasa cha kuzungusha kinachoweka kikomo cha chini, kipange baada ya hapo, deki likiwa limekalia kikomo hicho kwa uzito wake wote. Wenye matrekta ya kuinulia kwa mafuta ya haidroliki wasikiache kikomo hicho bila kazi: silinda ya zamani huvuja kwa ndani, na deki linaloshikiliwa na mafuta pekee litazama taratibu huku ukikata. Kikomo cha chuma hakivuji.

Urefu upi? Nyasi za Bermuda hustahimili sentimita 2.5 hadi 4. Feski ndefu zinataka 6 hadi 9, na nyasi za majani mapana kama Mtakatifu Agostino (St. Augustine) zinapenda kukaa kwenye 6 hadi 10. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja: ukitaka zibaki sentimita 6, kata zikifika 9. Zikikuponyoka zikafika 15, shuka kwa awamu, siku chache kati ya mkato na mkato. Na ujue kwamba kipimo cha sakafuni si kipimo cha kiwanjani. Matairi yanazama kwenye udongo laini na yanapanda juu ya tabaka la majani makavu, kwa hiyo baada ya kukata chukua rula upime nyasi zilizosimama. Zikitofautiana na alama yako ya rangi kwa nusu sentimita, sahihisha alama, usisahihishe fimbo.

Vile vigurudumu vidogo vipange mwisho kabisa, kwenye urefu uliouchagua: viwe hewani milimita 6 hadi 12 kutoka sakafuni. Kazi yake ni kugusa pale tu deki linapofika kwenye tuta, ili lisinyoe kipara. Vikiburuzwa muda wote vitapinda mabano na kurudisha legevu ulilotoka kulitibu. Ukibadilisha urefu wa kukata kwa kiasi kikubwa, vihamishe navyo. Pia pandisha deki hadi juu na ulishushe hadi chini ukitazama mkanda: usisugue fremu wala kutoka kwenye puli mahali popote katika safari hiyo.

Jaribu mahali palipo bapa, mkono wa mafuta ukiwa juu kabisa. Injini nyingi za aina hii zimepangwa kuzunguka karibu mara 3,600 kwa dakika, na visu vinahitaji mwendo huo ili bawa livute nyasi zisimame kabla ya kukatwa. Ukizipunguza ili kelele zipungue, nyasi zinalala, zinakatwa nusunusu, na utadhani deki limeinama tena. Kata njia moja tu, ushuke, upime nyasi kushoto, katikati na kulia. Mstari mwembamba usiokatwa katikati ya njia, pale visu viwili vinapokutana, hauhusiani na nati yoyote uliyozungusha leo: ama visu ni butu nchani, ama ni vifupi, ama nyumba moja ya beringi imekaa chini kuliko mwenzake. Leta ncha za visu vyote viwili katikati, moja baada ya nyingine, upime kila moja. Zikipishana zaidi ya milimita 3, fungua nyumba iliyo chini utazame kama bati limebonyea kwenye kiti chake.

Vipimo vikikubali, kaza nati za kufungia, paka grisi kwenye kila pini, kisha chora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya nati na fimbo yake. Kila unapotoa trekta utupie jicho mistari hiyo. Siku mstari utakapokatika utajua ni nati iliyojisogeza. Mistari ikiwa mizima na ngazi imerudi, nenda moja kwa moja kwenye tairi la nyuma la kushoto ukiwa na geji mkononi.